Papa eko na tansio (presha) na hataki kuacha kawa, tumukataze ao tumuache?

mwana_wa_idjwi (Bukavu)

Jambo bandugu na badada. Niko na swali, naomba munijibu vizuri, zaidi sana wale banatumikaka ku hopitali.

Papa yangu amepita miaka 60, eko Idjwi (kile kisiwa ya Ziwa Kivu), amelima kawa tangu akiwa kijana. Zamani kwetu kawa tulikuwa tunalima bila kuikunywa. Unavuna, unakausha, unauza, basi. Ile miaka mibaya papa na benzake balikuwa banavusha magunia usiku na mutumbwi mupaka Rwanda juu huku kwetu bei haikukuwa, na batu bengi balizama mu ziwa, kuna nyumba kwetu mama alibakia mujane juu ya gunia ya kawa. Lakini kukaa chini na kikombe, hapana, hiyo tuliwaza ni ya bapadri na bazungu. Nyuma makoperative zikakuja, zikajenga stasio za kusafishia kawa, bakakuja na batu ba kuonja, njo bazee nabo bakaanza kuonja kawa yabo benyewe. Papa akaipenda kabisa, na mimi nilifurahi juu ni haki yake, mutu hawezi kulima kitu maisha yote bila kujua utamu wake.

Shida ni vile anaikunywa. Asubuhi mbele ya kwenda shamba moja, saa sita na bugali moja, mangaribi ingine, na ile ya mangaribi njo kubwa kupita zote juu bazee benzake banakuja kupiga habari. Anakaanga mwenyewe, anatwanga mu kinu, anatia mu sufuria, anachemusha mupaka inakuwa nyeusi tii, anaacha matope ishuke chini kisha anakunywa ikiwa ingali inatoka moshi. Hakuna kuchuja. Sukari bijiko bitatu ao bine.

Juzi alienda ku kituo ya afya, bakamupima tansio bakakuta 16 kwa 10, bakarudilia, ikabakia vile vile. Bakamupa kompirime ya kumeza kila siku na bakamuambia apunguze chumvi. Juu ya kawa hata neno moja, ao labda papa njo hakutaka kutuambia.

Yaya yangu (mukubwa wangu wa kuzaliwa), ule wa Goma, kusikia vile akapiga simu usiku ule ule akasema kawa mwisho, akamuomba mama afiche kinu. Papa akaheshimu. Kesho yake kichwa kikaanza kumuuma mupaka kuinuka anashindwa, anasinzia mu kiti, ukimuuliza kitu ni makelele. Mama akaona huruma akamurudishia. Sasa yaya anasema tunamuua papa, papa anasema kawa njo ilitusomesha sisi wote haiwezi kumuua, mama anasema mimi njo mwanaume mukubwa nikate maneno. Nitakata maneno gani na mimi sijui?

Kwa hiyo nauliza, kawa njo inaleta tansio kweli? Ile kichwa ilikuwa nini? Na haya batu banasemaka kwamba kawa inakausha damu, inatoboa tumbo, iko ukweli ndani? Hii ya damu naiuliza pia juu ya bibi yangu, eko na mimba ya miezi ine na yeye asubuhi bila kawa haamuke vizuri.

motari_ndosho (Goma)

Kaka pole sana. Mimi kwa upande wangu ningemukataza. Nafanya taxi ya usiku na pikipiki, kulikuwa wakati napiga kawa ya teremosi pale kwa wale bamama ba barabarani, kisha juu yake naongeza ile vinywaji vya enerji vya kopo, moja, mbili, juu usingizi isinikamate njiani. Siku moja niko nangojea mukiriya roho ikaanza kupiga ovyo, inapiga inaruka inapiga, mikono inatetemeka, nikajua njo nakufa. Ku hopitali bakaniuliza nimekunywa nini tangu mangaribi, nikabahesabia vyote, munganga akashika kichwa. Tangu pale nakunywa moja saa kumi na mbili ya jioni kisha basi, na enerji sigusi tena. Sasa kama mimi kijana ilinifanya vile, muzee wa tansio itamufanya je?

infirmie_himbi (Goma)

Ndugu wa Idjwi, mimi ni infirmie na watu wa tansio ndio ninaowaona karibu kila siku, niruhusu niandike kwa urefu kidogo.

16 kwa 10 ndiyo ile wengine wanaandika 160/100. Si kidogo. Kuanzia 14 kwa 9 tayari tunasema mtu ana tansio, kwa hiyo papa yuko juu kweli, na ni vizuri walimpa dawa. Hiyo dawa aimeze kila siku hata akijisikia mzima. Ninasisitiza hapa kwa sababu wazee wetu wengi wanaacha dawa kichwa kikishapoa.

Sasa kahawa. Kafeini iliyo ndani yake inapandisha tansio kwa muda, saa mbili tatu hivi, na inapandisha zaidi kwa mtu ambaye hajaizoea. Mwenye kunywa kila siku mwili wake unazoea, ile kupanda inakuwa ndogo. Ndiyo maana watafiti wakifuata watu wazima wenye afya kwa miaka mingi hawaoni kwamba wanywaji wa kahawa ya kiasi ndio wanapata tansio kuliko wenzao. Kusema kahawa ndiyo iliyomletea papa tansio, mimi siwezi. Umri, chumvi, pombe, uzito, damu ya ukoo, hayo ndiyo ya kuangalia kwanza.

Lakini yaya yako naye ana sababu ya kuogopa. Kuna utafiti wa Japani uliotoka 2022, walifuata watu zaidi ya 18,000 kwa karibu miaka 19. Wale waliokuwa na tansio kali, kuanzia 16 kwa 10, yaani pale pale papa alipo, wakawa wanakunywa vikombe viwili na zaidi vya kahawa kwa siku, hatari yao ya kufa kwa magonjwa ya moyo na mishipa ilikuwa kama mara mbili ya wale wasiokunywa kabisa. Waliokunywa kimoja tu haikuonekana vile, na waliokuwa na tansio ya chini ya hapo pia haikuonekana. Utafiti kama huo unaangalia tu watu wanavyoishi, hauwezi kuapa kwamba kahawa ndiyo iliyowaua, ila mimi unanitosha kumwambia mzee hivi: mpaka tansio ishuke, kikombe kimoja cha asubuhi. Ikishuka na ikabaki chini, mtaongea tena na muganga.

Kile kichwa ni kahawa, yaani ni kukosa kahawa. Kafeini inaziba mlango ambao mwili unapitishia habari ya uchovu, ukiitoa ghafla kwa mtu aliyezoea mishipa ya kichwani inapanuka, kichwa kinagonga, usingizi, hasira bila sababu. Kinaanza ndani ya saa 12 mpaka 24 na kinaweza kumsumbua mtu zaidi ya wiki. Hakiui lakini kinatesa, na mzee akiteswa hivyo hatawasikiliza tena. Apunguze polepole. Aanze kutoa ile ya jioni, kwanza nusu, kisha yote, baadaye ile ya saa sita.

Kuna jambo lingine kwenye maelezo yako ambalo kwangu ni kubwa kuliko hata hesabu ya vikombe, ni ile sufuria. Kahawa ya kuchemsha bila kuchuja inabaki na mafuta yake, ndani ya mafuta hayo kuna kitu kinaitwa kafestoli, na kafestoli inapandisha kolesteroli mbaya, yaani mafuta mabaya ya damu. Karatasi ya kuchujia inayashika karibu yote. Norwei, ambako zamani walikuwa wanachemsha kama papa, walifuata watu zaidi ya 500,000 kwa wastani wa miaka 20 na waliokunywa ya kuchujwa walikufa kidogo kuliko waliokunywa ya kuchemsha. Mtu wa tansio hahitaji kolesteroli juu yake, mishipa ni ile ile.

Na asinywe ikiwa inatoka moshi hivyo! Mwaka 2016 shirika la kansa la OMS (Shirika la Afya Duniani) lilisema vinywaji vya moto kupita digrii 65 pengine vinaleta kansa ya koo la chakula. Ni moto wenyewe, hata chai, hata maji. Aache kikombe kipoe kidogo kabla ya kuanza.

kawa_ya_kalehe (Kalehe)

Infirmie asante, umeongea vizuri, lakini mimi mulimaji wa kawa naona roho inauma wakati tunahesabu mabaya tu. Hiyo OMS ya 2016 unayotaja, siku ile ile ilitoa kawa mu ile liste ya vitu vya kushuku juu ya kansa, tangu 1991 balikuwa bameiweka pale juu ya kibofu. Hii hamuisemi. Na ini je? Batu banaokunywa kawa banaonekana kupata sirozi (ini kuharibika na kukauka) na kansa ya ini kidogo kuliko bengine. Sukari ya mu damu (diabeti) pia, na ule ugonjwa wa kutetemeka wa Parkinson. Niliyasikia haya ku formasio ya koperative na nilirudi nyumbani nikamuambia bibi yangu leo tunakunywa kawa yetu na kiburi.

Kitu ingine, kawa haiko moja. Huku ku milima ya ziwa, Idjwi, Kalehe, Minova, Kabare, ni arabika. Kule chini Tshopo na Equateur ni robusta, na Beni nako iko mingi. Robusta kafeini yake ni karibu mara mbili ya arabika. Kwa hiyo mutu wa Kisangani akikunywa vikombe vitatu na papa wa Idjwi akikunywa vitatu, habakukunywa kitu kimoja. Mwana wa Idjwi, usimuaibishe muzee juu ya matunda ya mikono yake. Mumupunguzie, mumubadilishie namna ya kupika, lakini kinu mumurudishie ibakie pale pale mu nyumba.

infirmie_himbi (Goma)

Ndugu wa Kalehe, hayo ya ini na sukari ni kweli yanaonekana katika tafiti nyingi, wala siyakatai. Mkusanyo mkubwa wa tafiti uliotoka Uingereza 2017 uliona faida zaidi kwa wanaokunywa vikombe vitatu mpaka vinne kwa siku. Ila ni watu kwa jumla. Mimi hapa naongea na mtoto wa mtu mmoja mwenye 16 kwa 10. Na vijiko vitatu vinne vya sukari mara tatu kwa siku vinaharibu hiyo faida ya sukari ya damu unayoisema, hapo tukubaliane.

famasi_lushi (Lubumbashi)

Bonjour banduku ba Kivu. Huku kwetu kawa njo ile ya kopo ya kuyeyusha, ile ya kwenu tunaiona mara moja moja na bei yake ni ya bakubwa, lakini batu ba mine (mashifti ya usiku) banaikunywa kama maji.

Motari, mambo yako ya roho ilikuwa ni hesabu. Ulaya banasema mutu mukubwa muzima asipite miligramu 400 ya kafeini kwa siku, na mara moja asipite 200. Kikombe ya kawa ya kuchuja iko na 90 hivi, kopo ndogo ya enerji (ile ya mililita 250) iko na karibu 80, sasa weye ulipanga vikombe na makopo mu masaa machache, roho ilikuwa na haki ya kulia.

Juu ya papa kunywa mangaribi, mujue nusu ya kafeini inabakia mu damu masaa kama matano nyuma ya kuikunywa. Kawa ya saa kumi na mbili ya jioni, ku saa tano ya usiku nusu ingali inatembea. Muzee anaweza kukuambia "mimi nalala bila shida", lakini usingizi inakuwa nyepesi, na kulala vibaya siku zote ni kitu inapandisha tansio. Kwa hiyo nakubali na infirmie, ile ya mangaribi njo itoke ya kwanza.

Kisha mimi ku famasi kitu inaniogopesha ni kawa na dawa. Batu banakuja kununua sipro (siprofloksasini) juu ya tumbo ao mikojo, bengine hata bila ordonansi, hakuna mutu anabaambia kwamba sipro inazuia ini kuvunja kafeini. Inabakia mingi na inakawia. Mutu anakunywa kikombe chake cha kila siku kisha anatetemeka, halali, roho inakimbia, anarudi kunigombeza ati dawa ilikuwa ya bandia. Ukiwa mu sipro wacha kawa mupaka umalize. Banamuke banaomeza kompirime ya kupanga uzazi nabo kafeini inakawia mu mwili yao, karibu mara mbili.

Mwana wa Idjwi, papa anameza nini ingine zaidi ya hiyo ya tansio? Uliza vizuri, bazee banafichaka dawa mu mifuko.

mama_wa_kadutu (Bukavu)

Mutoto wangu, mimi nitakujibu ya bibi yako, juu hiyo njo nayoijua.

Bamama betu balisema kawa inakausha damu na bijana bakabacheka, lakini balikuwa banaona kitu. Kawa haikunywi damu, inazuia chuma ya chakula isiingie. Sasa angalia vile tunakula huku, sombe, maharagi, lengalenga, hiyo chuma yote ni ya majani na mbegu, na hiyo njo kawa inashika. Ku utafiti moja ya zamani, 1983, kikombe kimoja na chakula kilipunguza chuma karibu 39 kwa mia, na chai ilipunguza zaidi, kama 60. Kwa hiyo asiseme ataacha kawa akunywe chai na bugali, ni mbaya kupita.

Na kuna siri moja ku ile utafiti, balijaribu saa. Kawa iliyokunywiwa saa moja mbele ya kula haikuharibu kitu. Iliyokunywiwa saa moja nyuma ya kula iliharibu sawa sawa na ya pamoja na chakula. Njo maana mimi mu nyumba yangu kawa ni mbele, asubuhi mapema, kisha kazi, chakula kinakuja nyuma kabisa. Na ile kompirime nyekundu ya chuma banapewa ku CPN (kliniki ya mimba) asiimeze na kawa hata siku moja, ameze na maji, akiwa na ndimu ao machungwa ni vizuri zaidi juu inasaidia chuma kuingia.

Mimba yenyewe sasa. Mwanamuke wa mimba asipite miligramu 200, hiyo ni vikombe viwili bidogo vya kawa ya kawaida, na kama ni ya kuchemusha kama ya baba mukwe, kimoja kinatosha. Mimba ikikomaa kafeini inakawia sana mu mwili wa mama, masaa kumi na zaidi, na mutoto ndani hana namna ya kuivunja. Bana banazaliwa na kilo kidogo juu ya bitu kama hibi na sisi tunasema ni ulozi. Mimi niliona mukazamwana wangu na damu ya chini kabisa, bakamuongezea damu ku maternité, na alikuwa anakunywa chai nyeusi na kila chakula, asubuhi, saa sita, usiku. Hakuna aliyekuwa amemuambia. Umuambie bibi yako leo, usingojee CPN ingine.

mwana_wa_idjwi (Bukavu)

Aksanti sana bandugu, mama wa Kadutu Mungu akubariki, bibi yangu amesoma mwenyewe na kawa ya kesho tumeisogeza mbele, kikombe kimoja.

Nilipiga simu kwa papa. Nilimuambia habari ya kupunguza polepole, alinyamaza kisha akasema ile ya mangaribi ataacha kama bazee benzake banaendelea kukuja. Nilimuambia bakuje tu, batakunywa ingine kitu.

Maswali mbili. Moja, karatasi ya kuchujia Idjwi haiko, kitambaa inaweza? Mbili, famasi aliuliza dawa, nikamuuliza mama kwa siri. Mama anasema papa anaumwa magoti tangu zamani, kila siku anatuma mutoto ku butiki kumununulia kompirime, inaitwa diklofenaki, wakati mwingine ibuprofene, na juu ya tumbo kumuwaka anasema ni kawa. Hii kituo ya afya hakuisema kabisa.

famasi_lushi (Lubumbashi)

Njo hiyo. Njo hiyo nilikuwa natafuta. Infirmie, mujibu tafazali.

infirmie_himbi (Goma)

Ndugu, hapa sasa simama kidogo, acha kahawa pembeni.

Diklofenaki na ibuprofene zinapandisha tansio. Zinafanya mwili ushike chumvi na maji, zinaumiza figo, na dawa nyingi za tansio zinapungukiwa nguvu mtu akizimeza pamoja. Muganga anampa papa dawa ya kushusha, butiki inampa ya kupandisha. Anaweza kuacha kahawa hadi kufa na ile 16 isitoke. Na tumbo pia: vidonda vya tumbo vinatoka sana sana kwa bakteria inayoitwa helikobakta na kwa dawa hizi hizi. Kahawa inaongeza asidi, kwa mwenye kidonda au kiungulia itamchoma, lakini kutoboa si yake. Papa anaisingizia kahawa kosa la kompirime za magoti.

Usimwambie kwa simu aache tu, maumivu yatamrudisha butiki kesho. Mpeleke kwa muganga na hayo makaratasi ya dawa zote, hata zile zilizoisha, zipangwe mezani. Aseme magoti yanauma vipi. Kwa maumivu ya kawaida parasetamoli kwa kipimo sahihi kwa kawaida ndiyo ya kuanzia kwa mtu wa tansio, lakini mwenye kupima papa ndiye aamue. Na kama choo kimekuwa cheusi kama lami, au anatapika kitu kama matope ya kahawa, usingoje boti ya kesho, hiyo ni damu, ni hopitali siku ile ile.

Kitambaa kizito kilichokunjwa mara mbili kinasaidia, kitashika sehemu ya mafuta, si kama karatasi lakini ni bora kuliko kunywa na matope. Kioshwe kila siku kwa maji ya moto. Ukipata karatasi Bukavu mnunulie, kahawa moja kwa siku haitamaliza pakiti haraka.

mwana_wa_idjwi (Bukavu)

Sikuwaza hata kidogo kama ile kompirime njo inaweza kuwa. Yaya nimemutumia haya yote, amesoma, amesema jumamosi tutakutana Idjwi sisi wawili, yeye kutokea Goma mimi kutokea Bukavu, tumupeleke papa. Ataleta na mashini ya kupimia ile ya mukono. Infirmie, namna gani ya kupima ili tusidanganyike?

infirmie_himbi (Goma)

Vizuri sana. Ipimwe asubuhi kabla ya dawa na kabla ya kahawa, na jioni. Kahawa, tumbako na kupanda mlima viwe vimepita angalau nusu saa. Aende kukojoa kwanza. Akae kwenye kiti chenye mgongo, miguu chini bila kupishana, atulie dakika tano bila kuongea, na hapo yaya asimgombeze. Mkono uwe juu ya meza, usawa wa moyo, mkanda juu ya ngozi si juu ya shati. Pimeni mara mbili, katikati dakika moja, muandike zote mbili na saa yake kwenye daftari.

Siku moja pia mpime kabla ya kikombe chake cha asubuhi, kisha mrudie saa moja baadaye. Ikipanda kwa 5 mpaka 10 (zile za mashini, mfano kutoka 150 hadi 158) mtajua mwili wake unaisikia kahawa, na hapo hata kile kimoja mkiongelee na muganga. Isipopanda, mwacheni nacho. Daftari liende pamoja na makaratasi ya dawa.

mama_wa_kadutu (Bukavu)

Na magoti yake mumukande na maji ya moto na kitambaa mangaribi, ile saa alikuwa anakunywa kawa.

mwana_wa_idjwi (Bukavu)

Sawa mama. Boti ni saa moja ya asubuhi, nikirudi nitaandika hapa bamekuta ngapi.